Kobe wa Bibi Kwenye Ngoro za Mama

Kobe mmoja anahitaji uwanja wa ukubwa gani ili atulie? Baba aliniuliza hivyo akiwa bado anashusha mizigo, kana kwamba shahada yangu ilitolewa kwa ajili ya kazi hiyo. Wakati ule sikuwa na jibu la mambo mengi: nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Mbinga, na kila niliyemwamkia, kabla hajaitikia vizuri, alitaka kujua nimepata kazi wapi.

Kobe alikuwa wa bibi, mama yake baba. Kule Lundo, kijijini kwake ufukweni, ziwa lilikuwa limepanda hadi jikoni kwake, ndipo baba akaenda kumchukua aje kuishi nasi huku mlimani. Alikubali kwa shingo upande. Alishuka garini akiwa na kobe ndani ya beseni, kamfunika kwa khanga, na sharti moja.

"Huyu akitulia, na mimi nimetulia," alisema. "Akikataa baridi yenu, mnirudishe."

Baba alicheka. Mimi sikucheka. Bibi ndiye mtu pekee pale nyumbani ambaye hakuniuliza habari za kazi. Aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na nilitaka abaki.

Mama alikata shauri kuhusu ukubwa hata kabla sijafungua simu. Yeye ni Mmatengo wa Ukata, na huko shamba bila ngoro si shamba. Ngoro ni shimo la mraba, pana kama kitanda, lililozungushiwa matuta, ili mvua isiondoke na udongo wa mteremkoni. Nyuma ya nyumba yetu, chini ya mibuni, mteremko mzima ulikuwa ngoro zake. Alichagua moja, akasimika uzio wa mianzi juu ya matuta.

"Ngoro moja inatosha. Ana nini cha kulima?"

"Nani kasema inatosha, mama?"

"Na wewe nani kakwambia haitoshi?"

Nilikwenda kuuliza simu. Mtu mmoja mtandaoni aliandika kwamba uwanja uwe mara kadhaa ya urefu wa gamba la kobe. Mwingine alizidisha hesabu hiyo maradufu. Wa tatu alisema mpe nafasi yote uliyo nayo. Hakuna aliyeeleza alijuaje.

Asubuhi ya kwanza, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni, kobe alipanda kutoka shimoni na kuanza kuufuata uzio. Alikwenda hadi pembeni, akakwaruza, akageuka, akaenda pembe nyingine. Hakugusa majani tuliyomwekea. Sauti ya kucha zake kwenye mianzi ilinifuata hadi ndani, na sikuweza kusoma wala kukaa.

Tukabomoa tuta, ngoro mbili zikawa moja. Akazunguka zote mbili. Mama alihamisha miche yake ya maharage, tukafungua nyingine mbili. Akazunguka zote nne. Niliona kwamba tulikuwa tunaongeza ukubwa kwa sababu hicho ndicho kitu pekee tulichojua kuongeza. Nikaanza kushuku unyevu: ngoro imechimbwa ishike maji, sasa kwa nini tumlaze mnyama humo? Nikatandika nyasi kavu chini. Alizikanyaga, akarudi kwenye uzio.

"Bibi, kule Lundo alikuwa na ua wa namna gani?"

"Ua wa nini? Asubuhi anaondoka, jioni namkuta mlangoni."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Mke mwenzangu, ukipata mume utamuuliza hivyo hivyo?"

Alisema hivyo akiwa kwenye kigoda kando ya uzio, amejifunika blanketi hadi masikioni, na hakuyaondoa macho kwa kobe. Siku zile hata yeye alikuwa anakula kidogo, akisema usipa wa sokoni kwetu, wale dagaa wa kwao, umesahau ziwa.

Kisha asubuhi moja nikamkuta anakunja khanga zake.

"Amekataa," alisema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na jembe. "Mama, tumwongezee zile za chini. Maharage nitapanda kwingine."

"Mkwe wangu, utabomoa shamba lako hadi lini?"

"Hadi atulie."

Bibi aliiweka khanga magotini. "Umenipokea vizuri," alisema, "lakini tulikubaliana." Akaendelea kukunja.

Baba alimjengea bibi chumba kule kule Lundo, kwenye ardhi ya juu zaidi, mbali na maji, akamrudisha. Siku ya safari nilimgeuza kobe chali nimfute tope, naye akaendelea kupiga miguu hewani. Mama alizichimba upya ngoro zake kabla ya mvua. Mimi sikujua nimlaumu nani, nikailaumu baridi.

Miaka michache baadaye, nikiwa nimepata kazi Songea, nilimsimulia habari hii mwanamke mmoja, daktari wa mifugo. Aliniuliza kama gamba la tumboni lilikuwa bapa au limebonyea. Nikamwambia lilikuwa bapa, kama ubao wa kukatia mboga. Basi alikuwa jike, akasema, na kobe jike mwenye mayai huweza kuacha kula, akauzunguka uzio siku nyingi na kukwaruza kila pembe, uwe mdogo au mkubwa, hadi apate udongo mkavu wenye jua wa kuchimbia.