Nusu Nzuri ya Mpiganaji wa Msituni

Kilichoninyima usingizi wiki ile hakikuwa kifo chenyewe. Kilikuwa swali. Mtu akikuambia jambo mara moja tu, tena siku chache baada ya kuugua homa, jambo hilo ni lake au ni la homa? Nililala chali nikiligeuza, na kila nilipopata jibu nilipata pia sababu ya kulikataa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya historia, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kuwatunza wazee katika nyumba moja hapa Arlington, Texas. Kwa nje ni nyumba kama nyingine za mtaa huu, ina gereji na nyasi mbele. Ndani kuna vitanda vinavyopandishwa na kushushwa, na vyuma vya kushikilia bafuni. Mwenye nyumba ni muuguzi, rafiki wa mama yangu kanisani. Sote tunamwita Anti. Aliponiajiri alisema, "Ni ya muda tu, mpaka upate kazi yako." Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena neno muda, hata mimi.

Mzee wangu alikuwa Mrusi. Ndivyo tunavyosema kazini, mzee wangu, mama yangu, kwa yule uliyepangiwa. Alikuwa ametengeneza lifti Houston mpaka akastaafu. Binti yake wa pekee ni mfamasia hospitalini huko na anaishi Pearland, pembeni mwa mji huo, lakini mzee alichagua nyumba ya mbali makusudi. Hakutaka binti yake amwogeshe.

Asubuhi nilimpikia uji wa wimbi wa Anti. Siku ya kwanza aliunusa, akaonja, akasema kwao pia walikula kitu cha namna hiyo, ila walikipika kizito.

"Huu wenu ni wa wagonjwa," alisema.

"Si wewe ni mgonjwa?"

"Mimi ni mzee. Ugonjwa ni kitu kingine, Profesa."

Aliniita Profesa tangu aliposikia nimesomea historia. Aliniuliza historia ya nani, nikaanza kumweleza jinsi swali hilo lenyewe lilivyo gumu, akafumba macho akajifanya anakoroma.

Juu ya kabati lake palikuwa na picha ya baba yake. Mwanamume mwembamba, masikio makubwa, koti limemzidi, medali kifuani. Alikuwa mkulima, mtunza farasi wa shamba la ushirika katika kijiji kilichopakana na msitu na kinamasi. Wajerumani walipoivamia nchi yao, maofisa walikimbia na askari wakarudi nyuma, naye akabaki na farasi. Akawapeleka kinamasini kwa njia alizozijua yeye, watu wa kijiji wakamfuata mmoja mmoja, na kabla ya theluji kuanguka alikuwa kiongozi wao bila mtu kumteua. Walikata nyaya za simu. Waling'oa reli usiku. Walimwotea mpishi wa jeshi njiani wakamnyang'anya gari lote la mikate, akaachwa na kofia yake. Hiyo ya mpishi mzee aliisimulia mara nyingi, na kila mara kofia ilikuwa kubwa zaidi.

Na kulikuwa na siku ile kijiji kilipochomwa. Wajerumani walitangaza kwamba kiongozi ajitokeze, la sivyo nyumba zote zitawashwa moto. Mzee alikuwa mtoto. Mama yake alimsukuma ndani ya shimo la kuhifadhia viazi, akafunika. Mama hakuokoka. Baba, kama mzee alivyomsimulia binti yake tangu utotoni, alikuwa mbali siku hiyo, kwenye kazi ya reli. Alipopata habari alipanda farasi akamkimbiza mpaka farasi akaanguka, akafika amechelewa.

Mimi nilisikia hivyo hivyo. Halafu kifua cha mzee kikambana, akapata homa, tukampa dawa, homa ikashuka. Asubuhi moja nilikuwa namnyoa. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, taulo shingoni, povu limejaa mashavuni. Akasema, bila mimi kumuuliza kitu:

"Hakuwa mbali."

"Nani?"

"Baba. Alikuwa ukingoni mwa msitu, amelala kwenye majani na watu wake. Aliona moshi. Wengine walitaka kutoka, akawazuia. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza, ulikuwa wapi? Hakunificha. Alisema, nilikuwa pale."

Nilisimama na wembe hewani. Kuna mambo mengi mtu mzima angesema. Mimi nilimuuliza, "Una hakika?"

Aliangua kicheko mpaka povu likamwingia mdomoni. "Profesa ananiuliza kama nina hakika!" Akajifuta. "Binti yangu anajua nusu nzuri."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine, kwanza ninyoe hapa, umeruka." Akainua kidevu, akanionyesha kwa kidole mahali chini ya taya.

Nilimnyoa hapo. Hakulirudia jambo lile, nami sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa napanga namna bora ya kuuliza. Kabla sijamaliza kupanga, kifua kilimrudia, gari la wagonjwa likaja, akafia hospitalini.

Sikulia. Nilitandua kitanda, nikafua mashuka, nikaosha bakuli la uji. Nilingoja kitu kinipate na hakikuja. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako lakini huusikii. Nikaanza kuwaza kama hilo nalo ni kasoro, na kama Anti ameliona.

Anti hakuwa na nafasi ya kuniangalia. Binti wa mzee alikuja kuchukua vitu vyake, na Anti, kwa mazoea ya kwetu, alikuwa amewapigia akina mama wa kanisa. Mwanamke yule alifika akakuta sebule imejaa watu asiowajua, chupa za chai, mandazi, na wimbo tayari. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Wakamkalisha, wakamwombea, wakamshikisha kikombe. Nadhani alifikiri ni utaratibu wa kampuni.

Ndipo mama mmoja akauliza, kama ambavyo angeuliza mtu yeyote wa kwetu, "Na wasifu ataandika nani?"

Binti hakuelewa. Anti akamweleza: maisha ya marehemu, yanasomwa mazishini. Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, alisoma wapi, aliugua nini. Binti akasema alikuwa ameandika mistari minne ya kuweka kwenye tovuti.

"Minne!" Anti alishtuka kuliko alivyoshtuka siku mzee alipokata roho. "Mtu wa miaka yote hiyo? Huyu kijana ataandika. Amesomea."

Binti akanitazama. Macho yake yalikuwa ya baba yake. "Ungeweza?" aliuliza. "Wewe ndiye uliyekaa naye."

Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa chochote, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Kwa hiyo nikaketi kuandika kwa mtindo wa kwetu, na mtindo wa kwetu hauna mlango wa nyuma. Sentensi ya kwanza inadai baba. Niliandika: alikuwa mtoto wa mkulima aliyewaongoza watu wa kijiji chake msituni dhidi ya jeshi la wavamizi. Hapo nikakwama. Nimekaa kwenye mazishi mengi, kule nyumbani na hapa Texas, na kila wasifu wa mtu wa upande wetu una babu aliyekuwa msituni akipigana na Waingereza. Sijawahi kusikia hata mmoja wenye babu aliyewasaidia Waingereza, wala babu aliyejificha majanini akaona moshi. Hao wote walikwenda wapi? Lazima walikuwa na wajukuu.

Binti akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga mambo ili asiketi.

"Usisahau ile ya babu," alisema. "Alivyorudi mbio na farasi, akachelewa. Nitamwekea Baba ile medali ndani ya jeneza. Kwa hiyo nataka isomwe kabla."

"Sawa," nikasema.

Nilimwambia Anti siku iliyofuata, tukiwa tunakunja taulo. Nilimweleza yote, pamoja na nadharia yangu kuhusu homa na kumbukumbu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Alikuambia umwambie binti?"

"Hapana."

"Alikukataza?"

"Hapana. Aliniambia nimnyoe."

"Basi nyoa, unyamaze. Wasifu si mahakama. Soma farasi, tupewe chakula, turudi nyumbani. Hawa watu wametuamini na baba yao, usituletee maneno."

Sikuweza kumwona kama mkosaji. Nyumba yake inaendeshwa na sifa, na sifa inatoka kwa watu kama yule binti. Nikaandika ya farasi. Ilikuja vizuri, hata farasi nilimpa jasho. Kisha nikaandika karatasi nyingine bila farasi na bila moshi, ambayo haikusema uongo wala ukweli. Nikaziweka zote mbili kwenye mkoba.

Tulikwenda Houston kwa gari la Anti, yeye akiendesha, nyimbo za injili zikilia, mimi nikitazama ng'ombe na mabango ya mawakili. Katikati ya njia tulisimama kuweka mafuta. Anti akaninunulia chipsi nisizoziomba.

"Unaumwa?"

"Sijui. Sisikii kitu."

"Utasikia tu. Mimi huzuni yangu ilinipata supamaketi, mwaka mzima baada ya msiba, mbele ya maziwa." Akafungua soda. "Na uache kuwaza. Unawaza kama mtu analipwa kwa saa."

Nilikula chipsi nikajaribu kuacha, nikaishia kuwaza juu ya kidole. Mzee aliinua kidevu, akanionyesha kwa kidole mahali nilipopaacha. Nilipagusa baadaye kwa kiganja, na kweli palikuwa na ndevu. Mtu aliyepotewa na akili kwa homa hajui wembe wako umeruka wapi. Nilikuwa na jibu hilo tangu siku ile yenyewe. Nilichokuwa nikiendelea kutafuta ni mtu wa kuniambia kwamba sina.

Na kitu kingine. Nikisoma ya farasi, medali itaingia kaburini na hadithi hiyo, na mwanamke yule ataibeba maisha yake yote akidhani baba yake hakuwa na la kumsamehe babu. Nikisoma ya moshi mbele ya watu, nitakuwa nimemvua nguo kanisani. Karatasi isiyosema kitu ilikuwa ya kuniokoa mimi peke yangu.

Tulifika Pearland mapema. Sebuleni kulikuwa na majirani waliovaa nyeusi wakizungumza chini chini. Anti akaenda moja kwa moja kuwasalimia wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kama inavyopasa. Binti alikuwa jikoni, anakausha vikombe ambavyo tayari vilikuwa vikavu. Medali ilikuwa juu ya meza, imelala kwenye leso ya karatasi. Ilikuwa ndogo kuliko kwenye picha.

"Umeuleta wasifu?" aliuliza.

"Nimeuleta. Lakini kuna jambo kwanza." Nilifunga mlango wa jikoni. Mikono yangu ilikuwa mikavu na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilinitisha. "Baba yako aliniambia kitu nilipokuwa namnyoa. Kuhusu siku kijiji kilipochomwa. Babu yako hakuwa mbali. Alikuwa ukingoni mwa msitu na watu wake. Aliona moshi, akabaki. Baba yako alimuuliza baadaye, naye akakubali. Alisema, nilikuwa pale."

Kikombe kilibaki mkononi mwake. Nje nilimsikia Anti akicheka cheko lake la adabu.

"Alikuwa na homa," binti alisema.

"Ilikuwa imeshuka."

Alitazama medali, kisha akanitazama mimi. "Una hakika?"

Lilikuwa swali langu. Nilijua kila njia ya kulijibu bila kulijibu.

"Ndiyo," nikasema. "Nina hakika." Nikatoa karatasi zote mbili kwenye mkoba, nikazichana, nikamwomba kalamu tuuandike upya.