Mwenye Macho Saba Juu ya Moto wa Kupikia

Nakumbuka siku moja ya masika, zama za Mjerumani, nilipompandisha mungu wa watu darini, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Cheka, mwanangu. Nami nimecheka sana tangu hapo, ila wakati ule nililia.

Nilikuwa bibi harusi wa mwaka wa kwanza, huku kwenye migomba juu ya Kikwe. Jirani yetu alikuwa Mzee Doji, seremala aliyeletwa na mlowezi mmoja kutoka milima ya mbali, kupita Uhindi. Alipoitwa kufanya kazi Arusha, bomani, alituachia mchoro wa kitambaa uliozungushiwa hariri, unaoviringishwa kwenye kijiti kama mkeka. Ndani yake ameketi mungu wao wa kike, mweupe, mwenye macho saba: matatu usoni, mengine viganjani na kwenye nyayo, ili asipitwe na mateso ya mtu yeyote. Mbele amefunikwa shela nyembamba. Mzee Doji alimlipa mchoraji auchore, binti yake alipougua. Binti akafa, mchoro ukabaki. Hakuwa na kingine cha kumkumbukia.

"Usiukunje, usiguse rangi, uweke penye hewa kavu," aliniagiza. Nikaitikia "ndiyo, baba," huku moyoni nikisema, huyu anifundishe mimi kutunza vitu? Mbegu zangu hazikuwahi kuonjwa na fukusi! Kwetu moshi ndio dawa ya kila mdudu. Basi nikampandisha darini.

Baada ya mwezi nikamshusha. Ole wangu! Hariri nyeusi tii, kitambaa kimekakamaa. Nilipouvuta ufunguke, ukaalika, na vumbi la buluu likanidondokea mapajani. Nikakimbilia maji nimsugue. Mama mkwe akanidaka mkono.

"Acha! Umeharibu kwa ujuaji, sasa unataka kumalizia kwa haraka? Mwenyewe yu hai. Mpelekee."

"Mama, nitamwambia nini?"

"Ulichofanya."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lakini lilitembea! Alfajiri niliufunga mchoro ndani ya ngozi ya mbuzi, nikavuka mto Nduruma maji yakinifika kiunoni, mzigo kichwani. Nilimkuta Mzee Doji bomani akipiga randa. Nikamwamkia, nikasema yote, wala sikumsingizia panya.

Aliulaza mchoro juu ya ubao, akaufungua kidogo kidogo, upana wa kidole kwa kidole. Mimi nilifumba macho. Nikasikia mtu mzima akicheka na kulia kwa pamoja.

"Tazama, mama. Shela imekula moshi, yeye mzima! Kwetu taa za siagi nazo hufuka, ndiyo maana tunamfunika."

Ni kweli, uso ulikuwa mweupe vilevile, na macho yote yananitazama. Palipobanduka ni kipande cha anga tu, juu ya kichwa chake.

Usidhani nilisamehewa bure. "Moshi umeupandisha wewe, utaushusha wewe," akasema. Siku tatu nilikaa nikigusagusa masizi kwa donge la mkate laini, bila maji, bila kusugua. Mgongo uliniuma, hasira zikanipanda, zikashuka zenyewe. Mzee akasaga jiwe la buluu, akachanganya na gundi ya ngozi, akanipa brashi nijaze anga. Mimi, mkulima wa ndizi! Nikaijaza taratibu.

Siku ya tatu nakshi za dhahabu kwenye hariri zikang'aa. Mafundi wakaacha nyundo, wakaja kutazama. "Nani kafanya hivi?" wakauliza. Mzee Doji akaninyooshea kidole, nami nikajiona mrefu kuliko boma lenyewe. Kisha akauviringisha mchoro, akaniwekea mikononi.

"Rudi nao nyumbani," akasema. "Sasa unajua kuutunza."

Nilirudi nikiimba njia nzima. Mama mkwe akanipokea kwa vigelegele.

Mwanangu, ukipewa amana, itunze kwa desturi ya mwenyewe, si kwa desturi yako. Kuuliza si ujinga. Na ukiharibu, nenda kwake kwa miguu yako kabla habari hazijakutangulia, maana anayekiri huweza kuaminiwa mara ya pili, na hiyo ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Mungu akujalie mikono mitulivu na ulimi mkweli, na watu wakukabidhi wanavyovipenda bila kugeuka nyuma.