Ungo wa Anyesi

Watoto wa shule ya misheni ya Chilonje walikuwa wakisema, "Fulani ameitwa kwenye ungo," na hapo kicheko kilikatika, maana hakuna aliyeitwa kwenye ungo kwa jambo dogo. Ungo wenyewe ulikuwa wa kawaida, umeshonwa ukingoni kwa ngozi ya mbuzi. Mwenye ungo alikuwa Anyesi, mjane wa miaka arobaini na kitu, mpishi wa shule. Kupika ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya. Ile nyingine, ya kusikiliza, hakuna aliyempa. Ziko nchi ambako kazi kama hiyo ina jina, kiti na mlango wa kufunga. Chilonje ilikuwa na ungo.

Mtoto mwenye jambo moyoni huacha kula, na anayegundua kwanza ni mpishi. Basi Anyesi alimwita jikoni, akaweka katikati yao ungo wa njugu mawe, wakaanza kumenya. Hakuuliza kitu. Macho yote yalikuwa kwenye njugu. Mtoto akisema, amesema. Akinyamaza, angalau njugu zimemenywa. Anyesi alijifunza hivyo utotoni, kwenye kisima cha baba yake, misafara ya wapagazi ilipotua kunywa maji. Aliokota pale Kinyamwezi, Kirangi na Kiswahili cha njiani, akaona pia kwamba mtu aliyetua mzigo huongea vizuri zaidi asipotazamwa usoni.

Sharti lake lilikuwa moja, nalo alilitamka kabla ya njugu ya kwanza: "Maneno ya ungo hayatoki nje." Na hayakutoka. Mwalimu Bartolomayo alimdodosa miaka minne, asipate hata moja.

Jumatano moja ya masika, mwaka ule reli ilipokuwa imeshaipita Dodoma ikielekea Tabora, Bartolomayo aliingia jikoni akimvuta Kefa kwa mkono. Kefa alikuwa na miaka kumi na minne, msomaji bora kuliko wote shuleni, mjukuu wa Jumbe Chidosa wa ng'ambo ya korongo.

"Mama Anyesi, huyu tangu Jumatatu hasomi, haandiki. Nikimuuliza ananitolea macho kama mbuzi aliyenyeshewa. Ama ni homa, ama ni ukaidi. Ukaidi nina dawa yake." Akatikisa fimbo.

"Na homa?"

"Homa ni yako."

"Basi niachie, mwalimu. Tuseme ni homa."

Bartolomayo alipotoka, Anyesi aliweka ungo, akasema maneno yake ya sharti, wakaanza. Kefa alimenya haraka mno, maganda yakiruka. Jua lilikuwa linakaribia utosini aliposema, bila kuinua uso, "Mama, mzee akipigwa hamsa ishirini, anapona?"

Anyesi aliendelea kumenya. Mumewe, Yotham, alipigwa viboko hivyo ishirini na tano akiwa kijana wa miaka thelathini, na tangu siku ile hakulala chali tena mpaka alipozikwa.

"Mzee wa umri gani?" aliuliza.

"Kama babu."

Yakamtoka yote. Jumapili alikwenda nyumbani kama kawaida. Akamkuta babu yake na wazee wenzake wamezunguka ugali wa uwele uani. Mara akafika askari na barua ya Akida Halfani, akaikabidhi, akaenda zake. Babu hakuweza kungoja. Mjukuu wake anajua kusoma, na wageni wapo! "Soma, soma wasikie!" Kefa akafungua, akasoma salamu. Chini ya salamu akaona maneno: Jumbe Chidosa alete watu thelathini wenye majembe na chakula cha siku saba, Alhamisi jua likitoka, kwenye tuta la reli lililokatwa na mafuriko. Asipofika, atakula hamsa ishirini mbele ya watu wake.

Na wazee walikuwa na tonge mkononi. Katika kaya zile, mbele ya wazee wanaokula mtoto hatamki shari. Habari ya msiba, ya ng'ombe walioibwa au ya vita hungoja mpaka chakula kiondolewe na mikono ioshwe. Anayeropoka ameikaribisha shari hiyo ije kula pamoja nao. Kefa aliruka mistari ile, akasoma salamu za mwisho. Alikusudia kuisema baadaye.

"Walipomaliza kunawa, babu akasimama. Akaniita mbele ya watu wote, akanipa ndama. Ndama jike, mama, mwenye baka jeupe. Akasema sasa kaya yake ina macho. Ningesemaje?"

"Barua iko wapi?"

"Ameichomeka darini. Anamwonyesha kila anayepita."

Alhamisi ilikuwa kesho. Anyesi alihesabu moyoni: mwendo wa saa tatu kwa mguu mpaka kwa Chidosa, na kutoka kule mpaka kwenye tuta, mwendo wa nusu usiku. Alisimama, akafunga kanga yake vizuri.

Kefa aliruka akasimama mlangoni. "Mama, umesema hayatoki! Umesema!"

Hapo ndipo Anyesi aliposhikwa. Angeweza kumsukuma pembeni na kukimbia peke yake. Mzee angeokoka, na kesho yake kila mtoto wa Chilonje angejua kwamba ungo una mdomo. Priska, mwanafunzi aliyemwambia mwezi uliopita jambo ambalo lingemfanya baba yake achukue mkuki, asingelala. Na akikaa? Neno lake litabaki zima, na mgongo wa mzee utakatwa vipande.

"Nimesema, na sitasema kitu," alijibu. "Ni maneno yako, wewe ndiye utakayeyatoa. Mimi nitatembea nyuma yako."

"Siwezi."

"Nimekuona ukisoma kitabu cha wakubwa bila kukwama. Hii ni mistari mitatu."

"Atanilaani."

"Huenda. Lakini atakulaani akiwa na mgongo mzima. Vaa kitambaa kichwani, mvua inakuja. Mwalimu akiuliza, una homa na nakupeleka kwenu."

Waliondoka saa saba, Anyesi akiwa na fimbo ya kutembelea. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limetanda jeusi, na mtama mashambani ulikuwa umeinamia upande mmoja. Mara mbili Kefa alikaa chini njiani akadai mwiba umemchoma. Mara ya kwanza Anyesi aliutafuta mwiba. Mara ya pili alipita bila kusimama, na baada ya hatua chache alisikia miguu ya kijana nyuma yake.

Kwenye korongo maji yalikuwa yameshuka, mekundu, yakibeba vijiti na mizoga ya panya. Yalifika magotini na yalikuwa yanapanda.

"Turudi, mama. Si unaona?"

"Naona. Shika ncha ya fimbo."

Katikati yalifika kiunoni. Kefa aliteleza, akazama hadi shingoni, na Anyesi akamvuta kwa ile fimbo, mikono ikimwaka moto. Walipopanda ukingo wa pili walikaa kwenye matope wakihema. Nyuma yao mti mzima ulipita ukijizungusha.

"Sasa hata kurudi huwezi," alisema Anyesi. "Mungu amekusaidia kuamua."

Kijana alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, kisha akaanza kulia.

Jua lilikuwa linashuka walipoingia uani kwa Chidosa. Wazee watano walikuwa wamezunguka ugali. Ndiyo kwanza wameanza.

"Mbukwenyi," alisalimia.

"Mbukwa! Karibuni!" Chidosa, mrefu, mkavu, ndevu nyeupe chache, aliinua mkono uliojaa mlenda. "Aa, macho ya kaya yamekuja! Mbona mmeloa hivyo? Njoo, mjukuu wangu, ule."

Kefa alifungua mdomo. Akautazama ugali. Akaufunga. Anyesi akajua kwamba kijana huyu atasimama pale mpaka wazee walambe vidole, na wakishalamba watampa kibuyu cha maziwa, na baada ya maziwa kutakuwa na jambo jingine la kumsifu. Jumapili itarudi vilevile.

Anyesi alisogea, akainama, akauinua ugali mbele ya wazee, pamoja na bakuli la mlenda, akavipeleka ukutani na kuviweka chini. Kisha akarudi na kata ya maji.

Mzee Masinga, jirani, alibaki na tonge hewani.

"Huyu mwanamke ana wazimu," alisema. "Chidosa, siku hizi misheni wanapika kwa kuwanyang'anya watu?"

"Mama," Chidosa alisema taratibu, na sauti yake ilikuwa baridi, "mke wangu wa kwanza amezeeka humu ndani na hajathubutu hilo."

"Naweni mikono, wazee wangu," alisema Anyesi. Alipiga goti, akashika kata. "Nipigeni baadaye. Naweni kwanza."

Chidosa alimtazama, akamtazama mjukuu wake. Polepole, alinyoosha mikono. Maji yakamwagika juu yake. Mmoja baada ya mwingine wengine walinawa, Masinga wa mwisho, akinung'unika.

"Haya," alisema Anyesi, akarudi nyuma ya Kefa.

Kefa hakuomba barua. Aliisema kwa kichwa, mstari kwa mstari, pamoja na hamsa ishirini, na mwisho akaongeza, "Niliificha mimi. Ndama mchukue."

Hakuna aliyetaja ndama. Chidosa akasimama na kuita wanawe kwa majina. Jua lilipozama, watu walikuwa wanakimbia kwenda kila kaya. Walipatikana ishirini na wawili. Chidosa alichukua jembe mwenyewe, akawa wa ishirini na tatu.

Kwenye tuta, jua lilipotoka, Akida Halfani aliwahesabu mara mbili huku askari akikunja kiboko mkononi. "Niliandika thelathini."

"Nimekosea mimi," alisema Chidosa.

Halfani aliwatazama watu wale walioloa, walioacha palizi, akamtazama mzee mwenye jembe. "Basi utachimba kazi ya hao saba waliopungua," alisema. Chidosa alichimba siku saba. Alirudi amekonda, mgongo umepinda kuliko alivyoondoka, lakini ngozi yake ilikuwa nzima.

Bartolomayo aliambiwa kwamba homa imepona. Aliamini hivyo maisha yake yote. Ungo uliendelea kuwekwa katikati.

Mwezi wa sita barua nyingine ilifika kwa Chidosa, na kwa bahati ilifika wakati wa kula. Mke wake wa kwanza hakungoja kuambiwa. Aliinuka, akauondoa ugali, akaleta maji. Wazee walinawa, hata Masinga. Kisha Chidosa akamgeukia mjukuu wake.

"Haya, soma," alisema. "Yote."