Jumatatu ya Maji Mafu

Mwaka wa mwisho chuoni nilikuwa nimechoka kuulizwa nasomea nini. Nikijibu biashara ya kimataifa, watu wa kijijini kwetu Bweni wanatikisa kichwa kwa heshima, kisha swali linafuata: "Sasa utakuwa unauza nini?" Mwenye duka mmoja wa mjini Kilindoni, mzee wa Kihindi ambaye ukoo wake unaagiza mali ng'ambo tangu enzi za babu yake, aliniuliza kwa upole kabisa, "Na hiyo inasomewa miaka mitatu?" Nikatoka dukani nimenuna, sabuni niliyoifuata nikaiacha juu ya meza. Hasira zangu ziko karibu, nakiri, na siku ile zilipanda kwa sababu jibu sikuwa nalo. Wahadhiri walikuwa wametutajia kazi chungu nzima: forodha, uwakala wa meli, benki, masoko ya nje. Nilizinakili zote na sikujiona ndani ya hata moja.

Likizo ile nilimkuta mama ananingoja na bahasha. Mama ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kumi na wawili wanaoshuka mwambani maji yakitoka, wakamchokoe pweza kwenye matundu yake. Miaka yote walimuuzia yeyote aliyesimama ufukweni, kwa bei aipendayo yeye. Sasa kampuni moja ya Dar es Salaam inayopeleka pweza wa barafu Ulaya ilitaka kununua kwao moja kwa moja, kwa mkataba wa maandishi.

"Tumewaambia wasubiri," mama alisema. "Mtoto wetu yuko njiani."

Basi kichwa kikavimba. Kina mama walikaa mkekani barazani kwetu, mimi nikakalia kiti, nikausoma ule mkataba wa Kiingereza na kuwaeleza kifungu kimoja kimoja. Nilijisikia raha, sitaficha. Palikuwa na sehemu iliyoachwa wazi, ya siku za kupeleka mzigo. Nikawauliza. Wakasema, "Jaza unavyoona wewe, si ndiyo uliyoyasomea?" Nikamkumbuka mhadhiri wetu aliyekuwa akigonga meza na kusema mnunuzi wa nje hataki hadithi, anataka ratiba. Nikaandika: kila Jumatatu. Nikawasomea kwa Kiswahili, kila Jumatatu mzigo uwe Kilindoni. Wakaitikia wote, wakatia saini, na wasiojua kuandika wakatia dole gumba.

Jumatatu ya kwanza mzigo ulikwenda vizuri mno. Meneja wa kampuni, mwanamke, alinipigia mwenyewe kunisifu kwa barua pepe zangu. Akaniambia nikimaliza mitihani niende kwake, kuna nafasi ya afisa wa mauzo ya nje. Nililia kwa furaha, na mama akalia kwa kuniona mimi nalia.

Jumatatu ya pili asubuhi nikamkuta mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, hana habari.

"Mama, mzigo umeshaondoka?"

"Mzigo gani?"

"Leo si Jumatatu?"

Akanitazama akidhani namtania. "Maji mafu haya, mwanangu. Nani anashuka mwambani na maji mafu?"

Mtume! Mwamba wa kwetu hautoki nje ila siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati ya hapo ndiyo maji mafu, bahari inashuka kidogo tu, na pweza amekaa zake huko chini hana wasiwasi na mtu. Mtoto wa Bweni anayajua haya kabla hajajua kuhesabu. Mimi mwenyewe nimekua nimeshika kanga ya mama juu ya mwamba ule. Halafu nikaenda kuandika kila Jumatatu, utadhani nimezaliwa ghorofani!

"Na nyinyi mbona mlikubali?" nikamfokea. Eti nikamfokea yeye.

"Tulijua unasema Jumatatu za bamvu," akajibu. "Hizo nyingine za kazi gani?"

Kumbe watu kumi na wawili walisikia jambo moja la akili, na aliyesoma alikuwa ameandika jingine. Tulikuwa bado tunatazamana simu ikalia. Meneja. Mama akataka naye asikie, nikaweka spika.

"Mzigo haujafika, na kontena langu lina tarehe," alisema. "Ratiba hii nani aliipanga? Si wewe uliyewasimamia?"

Jibu lilikuwa sentensi moja: kosa langu, tubadilishe tufuate bamvu. Kwa sentensi ile huenda kikundi kingebaki na mnunuzi wake. Lakini kazi yangu nayo niliiona inayeyuka. Nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza.

Mama akanipokonya simu. "Kosa letu sisi, mama. Mtoto alituuliza vizuri. Hatukumwelewa."

"Basi mnisamehe," meneja akasema. "Kikundi kisichoijua ratiba yake siwezi kufanya nacho kazi."

Simu ilipokatika nilimuuliza mama kwa nini. Akarudi kwenye nazi yake. "Sisi tutapata wa kumuuzia," alisema. Na kweli wakampata: yule yule wa ufukweni, kwa bei yake ile ile.

Kazi nikaipata. Nashinda ofisini Dar es Salaam, nafuatilia vibali, vyeti vya afya vya samaki, joto la makontena. Mtu akiniuliza nafanya nini, bado nababaika. Mara mbili nimemwambia bosi, yule yule meneja, tuwarudishe wale wa Bweni, safari hii kwa kalenda ya maji. Mara zote mbili kasema, "Wale? Wale walishatuangusha." Na mimi, mwenye ulimi mkali kwa kila mtu, nikaufyata.

Idi iliyopita nikarudi nyumbani nimeazimia kusema. Kina mama walikuja kututazama, wakiongozwa na bibi mkongwe kuliko wote, aliyemfundisha mama kazi ya mwambani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akaushika mkono wangu asiuachie. "Tusamehe. Tulikutia aibu kwa wakubwa wako. Ndiyo shida ya kutokwenda shule."

"Bibi, kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeandika kila Jumatatu. Nilisahau bamvu."

Wakaangua kicheko, mmoja akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Asahau bamvu! Mtoto wa Bweni huyu huyu?" Mwingine akasema, "Oneni adabu yake, anatubebea lawama."

"Wallahi nawaambia kweli!" Nilipandisha sauti, nikawa nataka kulia. Wakazidi kucheka. Nikamgeukia mama anisaidie. Mama alikuwa anapakua pilau, wala hakuinua macho.

Bibi akafungua kanga yake, akatoa pweza mkavu aliyemfunga vizuri kwenye gazeti, akanitilia mikononi.

"Mpelekee bosi wako. Mwambie tumeshajifunza."