Kumwongezea Mama Mkwe Dau

Mjomba wa mke wangu anaamini kwamba kwenye poka, ukishika karata kali, unyamaze. Unapitisha zamu kana kwamba huna kitu, mwenzako anajiamini na kuweka dau, ndipo unamwongezea dau mpaka ajute. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," huniandikia. Kisha ananyamaza, sote tunanyamaza naye, karata inayofuata inatoka bure, na yeye na wafalme wake watatu anashindwa na mtu aliyekuwa na takataka. Kila Jumapili! Nimemweleza mpaka nimechoka: mtego huo ni wa mtu anayependa kuweka dau. Ukimtegea mtu mkimya, mtakesha.

Meza ni yake. Aliifungua kwenye simu, huko mtaani kwake Hewa Bora, kwa ajili ya jamaa tu, na jetoni zake, vile vidonge vya kuwekea dau, ni za bure, hazinunui hata andazi. Ningeshatoka zamani, ila mjomba huyohuyo ndiye mtu wangu wa katikati. Mke wangu alikwenda kujifungua kwa mama yake, mtaa wa Kasungami, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Sasa mtoto anakaa mwenyewe, meno yanachomoza, na bado wako Kasungami. Mimi niko mtaa wa Kenya, si nchi bali mtaa wa mji huuhuu, na karakana yangu ya friji na kitanda kinachonizidi. Mke wangu alitaka kurudi, aliniambia kila jioni kwa simu. Lakini binti hajiombei ruhusa ya kumfuata mume, ni aibu. Ilikuwa juu yangu.

Nami siwezi kukaa uso kwa uso na mama mkwe, wala kula naye, wala kumdai kitu. Mkwe hutuma mtu. Nikamtuma mjomba. Alikwenda kwa dada yake, akala sombe, yale majani ya muhogo, akarudi.

"Bado kidogo," akaniambia.

"Ni yeye alisema, ama ni weye?"

"Hakusema. Lakini inaonekanaka. Nilisikia haya kumuuliza, tukasemasema tu mambo ya mahindi."

Wasemao subira huvuta heri hawajawahi kumtuma mtu huyu.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mama mkwe naye yumo mezani. Alijifunza kwenye simu ya binti yake huku akibembeleza mjukuu. Na anavyocheza! Anaweka dau kila zamu, ana karata hana karata. Yaani mtego ule ulitungwa kwa ajili yake. Nami ninayejua hayo yote nilikuwa natupa karata nzuri kila aliponigeukia, kwa sababu mjomba alishatangaza sheria ya ukweni: "Ku bukwe habaongezake dau. Ni mama yako ule."

Jumapili moja mchana mjomba alirudi tena kutoka Kasungami na mfuko wa mahindi mabichi na habari ileile. Damu ilinichemka. Tukaanza kucheza, nikashika jozi ya saba. Katikati zikafunguliwa mfalme, mbili, na saba nyingine. Mjomba alikuwa amejitoa. Nikabaki mimi, na baada yangu mama mkwe. Nikapitisha. Akaweka dau palepale, kama kawaida yake. Nikasukuma jetoni zangu zote.

Kisha vidole vyangu vikaandika kwenye nafasi ya ujumbe, chini ya picha ya meza, mahali ambapo kila mtu anasoma: "Mama, nataka bibi yangu na mutoto."

Simu ikalia. Mjomba. "Weye! Ni bukwe yako!" Nikamkatia.

Mama mkwe aliacha muda wake ukaribie kwisha, halafu akatupa karata zake. Ujumbe ukaja.

"Ee, bukwe. Kumbe unajuaka kutaka kitu. Miye nilifikiri haubatake tena, juu hakuna hata muntu alikuya kuniuliza. Kuya, kamata bantu bako."

Nilisoma mara mbili, nikataka kuitupa simu ukutani.

Nilipofika Kasungami na mjomba, mizigo ilikuwa mlangoni, imefungwa kwa kamba, kamba yenyewe imeshika vumbi. Nikamgeukia. "Mjomba, hii haukuionaka?"

"Niliionaka. Nilizania ni mahindi."

Mama mkwe hakutoka jikoni. Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja, akaniwekea mtoto mikononi. Nilikuwa nimemwona mara chache tu, kwenye kizingiti. Mtoto akanitazama usoni, akanyoosha mikono kwa mjomba, akalia. Mjomba akampokea, na mtoto akanyamaza palepale, maana huyo alikuwa anamjua: ndiye aliyekuja kula sombe pale miezi yote.

Sasa wako nyumbani, na mtoto ameanza kunizoea. Kila Jumapili mjomba ananiuliza siku ile nilishika karata gani.

"Bado kidogo," namjibu.