Mkono wa Mama Zuhura

Nilipokuwa mtoto, huku kwenye mashamba ya chai ya Amani, nilijua jambo moja kwa yakini: mkono wa mchawi hauinuki kuapa. Bibi alinifundisha. Mtuhumiwa huambiwa anyooshe mkono wa kulia juu, amtaje Mungu; mwenye hatia mkono humlemea. Niliamini, na ole wako ubishane nami.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, sote tukiitana ndugu. Mama alichuma chai kutwa, majani akiyarusha nyuma juu ya bega hadi kwenye kapu la mgongoni, mwili umejipinda, tangu asubuhi mpaka jioni. Siku moja bega likagoma. Hata kilemba nilimfunga mimi. Bibi akasema mkono haufi hivi hivi, kuna mtu kaufunga. Akamtaja Mama Zuhura, mjane wa kuja kutoka Songea, aliyechuma mstari wa jirani na juzi tu alikuwa ameisifia kasi ya mama. Sifa ile ikamponza.

Jumapili baada ya ibada, balozi wa nyumba kumi alimwita mbele ya watu wote wa kambi. Akiinua mkono, yamekwisha. Asipoinua, ahame na wanawe.

Mama Zuhura akaanza kuinua. Mkono ukafika kifuani, ukatetemeka, ukaishia hapo. Akajaribu tena, jasho likimtoka. Loo, nywele zilinisimama! Watu wakarudi nyuma.

"Ni bega tu, jamani," alisema. "Mama Eliza, waambie."

Eliza ni mimi. Mama alitazama chini, hakusema neno.

Kabla jua halijazama Mama Zuhura alikuwa akishuka njia ya Muheza, godoro kichwani, watoto wawili nyuma. Nilimwambia mama kwamba sasa atapona. Akaanza kulia. Akaniambia kuwa kila mapumziko yeye na Mama Zuhura walikuwa wakikandana mabega kule shambani.

Nilishtuka. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza.

"Wangeniambia na mimi niape," alisema.

Nimezeeka sasa, na mshtuko ule haujanitoka. Sitaki kumhukumu mama. Alikuwa na mimi wa kulisha. Ila nawakumbuka wachumaji wengine pale uwanjani, wanawake watano au sita, kila mmoja kauficha mkono wa kulia ndani ya kanga. Mimi nilidhani wanasikia baridi.