Saladi za Mama Mdogo

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwa bibi, kijijini Kinampanda, kazi yangu ilikuwa kumwagilia saladi. Bibi alizipanda kwenye matuta mawili nyuma ya jiko na alizijivunia kuliko kuku wake, maana kijijini mchicha kila mtu alikuwa nao, lakini saladi alikuwa nazo yeye peke yake.

Mwaka huo mama mdogo, Eliwaza, alirudi kwetu akitoka kumzika mtoto wake wa wiki tatu. Bibi aliamini kwamba mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga hakanyagi bustani mpaka mvua za kwanza zinyeshe. Akikanyaga, mboga zinaoza. Basi mama mdogo alikaa nje ya uzio wa miiba, akiniangalia.

"Mwanangu, mwagilia asubuhi," aliniambia siku moja. "Na usimwage juu ya majani, maji yaende shinani. Tena zimebanana mno, hazipati hewa."

"Ndiyo, mama mdogo," nikaitikia. Lakini asubuhi nilitaka kuwahi kucheza kabla ya kengele ya shule. Nikaendelea kumwagilia jioni, kopo lenye matundu nimeliinua juu, kwa sababu nilipenda mlio wa maji kwenye majani. Nilikuwa mtoto mvivu, sina namna nyingine ya kulisema.

Majani ya chini yakalegea, yakawa na ute, kisha ukungu mweupe. Siku ya tatu bibi alimkuta mama mdogo katikati ya tuta, kanga imejaa saladi zilizooza. Alikuwa anang'oa zilizougua zisije zikaambukiza nyingine.

"Eliwaza! Kumbe unaingia humu!"

"Leo tu, mama. Ningeziacha zingeisha zote."

"Zimeisha kwa sababu yako. Umetuletea msiba wako mpaka kwenye chakula."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, kopo mkononi. Mama mdogo alinitazama kidogo, akainamisha macho. Alijua ni mimi, na hakunitaja. Nami nikanyamaza.

Kesho yake alifunga nguo zake akaenda Mitundu kwa wifi yake, na hakurudi tena kuishi kwetu. Saladi ziliendelea kuoza mpaka shina la mwisho. Bibi alisema ni nyayo zake bado zimo.

Leo nina bustani yangu Singida mjini. Napanda kwa nafasi, jani lenye doa nalitoa mapema na kulifukia mbali, na tuta lililougua silipandi saladi msimu unaofuata. Majirani wakizisifu, naona aibu. Bibi nimemsamehe, kwa kuwa hakujua. Mimi nilijua. Miaka yote nilipanga kwenda Mitundu kumwomba radhi mama mdogo, nikawa naahirisha.

Nilikwenda mwaka jana, kumzika. Nyuma ya nyumba yake nilikuta tuta moja la saladi, zimeachana vizuri, majani safi, hayana maji juu wala doa. Nikamuuliza jirani yake nani alikuwa anazimwagilia.

"Mwenyewe," alisema yule mama. "Watoto hakuwaruhusu kabisa kushika kopo. Alisema zikiharibika, asije mtoto akabeba lawama."

Ilikuwa jioni na udongo umekauka. Nilisubiri mpaka asubuhi, nikachota maji, nikazimwagilia shinani, moja baada ya nyingine, huku nalia.